Laini Moja Haitoshi: Kufanya Kazi kwa Mbali Ukiwa Mji wa Ugenini

Benki imekutumia tarakimu sita kwa ujumbe mfupi. Laini inayopokea ujumbe huo imo kwenye kibahasha cha nailoni chini kabisa ya begi, kwa sababu uliposhuka kwenye ndege uliichomoa ukaweka ya pale ugenini, iliyo nafuu. Unairudisha, haishiki mtandao. Huduma ya kutumika ng'ambo haikuwashwa kabla ya safari, na huwashwa kwa namba fupi isiyopigika ukiwa nje. Unawatafuta huduma kwa wateja kupitia intaneti, nao wanataka kwanza wahakikishe ni wewe, kwa hiyo wanatuma ujumbe kwenye laini ileile. Ni kikadi cha milimita 8.8 kwa 12.3, na mshahara wa mwezi umekwama nyuma yake.

Kazi ya mbali ugenini huharibika hivi mara nyingi kuliko inavyoharibiwa na mambo makubwa. Tiketi ilipatikana, viza ilitoka, chumba ni kizuri. Kisha kitu kimoja kilichokuwa kimeshikilia vingine vinne kinakufa, na Jumatatu kazini huonekani. Basi kila unachokitegemea kiulizie swali moja: hiki kikifa leo usiku, kesho asubuhi nitafanyaje kazi? Kama huna jibu, begi halijafungwa.

Namba ya simu kwanza

Wiki tatu hivi kabla ya kuondoka, kaa na karatasi uorodheshe kila akaunti inayokutumia msimbo kwa ujumbe mfupi: barua pepe, akaunti za kazi, benki, mfumo wa kodi, duka la programu. Zote zinazoruhusu, zihamishie kwenye programu ya kutengeneza misimbo. Programu hiyo haihitaji mtandao hata kidogo. Inachukua ufunguo wa siri uliohifadhiwa kwenye simu, inauchanganya na saa ya simu, na kila baada ya sekunde 30 inatoa tarakimu mpya. Ndiyo maana simu ambayo saa yake imepotea hata kwa dakika mbili hutoa misimbo inayokataliwa, na mtu akadhani akaunti imedukuliwa. Acha simu ijiwekee saa yenyewe.

Unapowasha huduma hii, akaunti hukuonyesha mraba wa kupiga picha (msimbo wa QR). Kabla hujafunga ukurasa huo, uskani kwa vifaa viwili: simu unayotembea nayo na simu ya zamani itakayobaki chumbani. Vyote viwili vitatoa tarakimu zilezile milele. Ukishafunga ukurasa, nafasi imepita na itabidi uanze upya. Akaunti nyingi pia hukupa misimbo ya akiba ambayo kila mmoja hutumika mara moja tu. Ichapishe, iweke mbali na simu. Kuipiga picha kwa simu hiyohiyo ni sawa na kufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba.

Benki nyingi hazikubali njia hiyo. Zimeshikilia ujumbe mfupi, basi laini ya nyumbani lazima iwe hai. Washa huduma ya ng'ambo ukiwa bado nyumbani, lakini data ya ng'ambo iache imezimwa, kwani ndiyo inayokula pesa. Kupokea ujumbe mara nyingi ni bure, ila soma masharti ya kampuni yako. Iongezee salio au itumie kila mwezi, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba hupewa mtu mwingine, na mtu huyo ndiye atakayepokea misimbo yako. Na ukiweka laini mpya, WhatsApp ikikuuliza kama unataka kubadili namba, kataa. Akaunti inaendelea kuishi kwenye namba ya zamani bila shida.

Kuhusu eSIM, yaani laini isiyo na kikadi inayopakuliwa ndani ya simu, wengi huhamishia namba ya nyumbani kwenye eSIM ili tundu la plastiki libaki kwa laini ya ugenini. Naona wamegeuza mambo. Mraba wa eSIM kwa kawaida hutumika mara moja. Simu ikianguka majini, unahitaji kampuni ikutolee mwingine, na baadhi hutaka ufike dukani na kitambulisho. Laini ya plastiki unaichomoa kwenye simu iliyokufa, unaichomeka kwenye kisimu cha vitufe chenye tundu la ukubwa wake, na benki inakupata dakika hiyohiyo. Kwa hiyo namba ya nyumbani ibaki plastiki, ya ugenini iwe eSIM. Kujua kama simu yako inaweza, piga *#06#. Ukiona namba ndefu iliyoandikwa EID, ina eSIM. Angalia pia kwamba haijafungwa kwa kampuni moja, na kumbuka kuwa iPhone zinazouzwa Marekani tangu toleo la 14, mwaka 2022, hazina tundu la plastiki kabisa.

Intaneti: usiulize kama ipo

Mwenye nyumba yeyote atakwambia intaneti ipo, na ya kasi. Mwombe picha ya skrini ya kipimo cha kasi, iliyopigwa kati ya saa mbili na saa nne usiku ndani ya chumba kitakachokuwa chako. Muda huo ndio jengo zima linatazama video, na ndio unaoonyesha ukweli. Ukipata picha, ruka namba kubwa ya kupakua. Tazama ya kupakia na ule muda wa kwenda na kurudi ambao vipimo huuita ping.

Mkutano wa video wa picha safi hutaka megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde kila upande. Kumi za kupakia zinakutosha na chenji inabaki. Tatizo ni kwamba njia zinazopita kwenye nyaya za simu au za televisheni hutoa 100 za kushuka na pengine 3 za kupanda. Wewe utawaona wenzako vizuri sana, wao watakuona umeganda mdomo wazi. Faiba mara nyingi haina ugonjwa huo.

Ping ina mpaka ambao hakuna kampuni itakayouvuka. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 10,000 kutoka ulipo, kwenda na kurudi ni milisekunde 100 kabla ya kitu kingine chochote kuongezwa, na nyaya hazipiti njia iliyonyooka. Ikifika 250 hivi, watu huanza kukatizana maneno. Setilaiti za zamani zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta huleta kama 600, na hapo simu ya video inakuwa ya kupokezana zamu. Setilaiti za chini kama za Starlink, zinazozunguka kwenye kilomita mia tano hivi, hazina tatizo hilo, ila zinataka anga wazi. Mti mmoja ukikaa kwenye njia, mawasiliano hukatika sekunde chache kila baada ya muda.

Kuna ugonjwa mwingine ambao kipimo cha kawaida hakiuonyeshi. Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta, anzisha ping kwenye anwani yoyote iliyo imara, uone namba zikitulia, tuseme 25. Sasa anza kupakia faili kubwa huku ping ikiendelea. Zikipanda hadi 60, uko salama. Zikiruka hadi 800 na kurudi kwenye 25 mara upakiaji unapoisha, umempata mwizi. Ruta inapanga foleni ndefu ya vipande vya faili, na sauti yako inasimama nyuma ya foleni hiyo ikisubiri zamu. Hii ndiyo sababu ya ule mkutano unaokwamakwama ilhali "kasi ni nzuri". Anayejaza foleni mara nyingi ni simu yako mwenyewe mfukoni, inayopandisha picha za wikendi kwenye hifadhi ya mtandaoni. Simamisha upandishaji huo saa za kazi, au uuwekee kikomo cha nusu ya uwezo wa kupakia. Ruta nyingine zina mpangilio wa kusimamia foleni. Ukiupata, uweke kwenye asilimia 85 au 90 ya kasi halisi.

Kisha ukuta. Wi-Fi ya 2.4 GHz inapenya kuta vizuri lakini ina njia tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11. Kwenye jengo la vyumba arobaini, kila mtu anamfokea mwenzake juu ya njia hizo tatu. Ile ya 5 GHz ina nafasi nyingi ila hukata tamaa kwenye ukuta wa zege. Waya humaliza mjadala. Waya wa mtandao wa mita tano na adapta ya USB-C huingia kwenye soksi moja, na hakuna kifaa kingine cha uzito huo kitakachokuokoa mara nyingi hivyo.

Hotelini, ukurasa wa kuingia ukigoma kutokea, sababu mara nyingi ni VPN, ile programu inayopitisha data yako kwenye njia ya siri, uliyoiacha imewashwa. Izime, fungua anwani yoyote inayoanza na http isiyo na s, ukurasa utajitokeza, ingia, halafu washa VPN. Kama VPN yenyewe haishiki, mtandao huo huenda unazuia njia ya UDP. Ingia kwenye mipangilio ya VPN uchague TCP, lango la 443. Hilo ndilo lango la kurasa zote salama za wavuti, na hoteli ikilifunga hakuna mgeni atakayesoma hata barua pepe. Fanya mabadiliko haya kwa VPN ya kazini baada tu ya kuwauliza mafundi wao.

Njia ya akiba ni simu. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wa eSIM za wasafiri hawalitangazi: nyingi hupeleka data yako kwanza nchi nyingine, ilikosajiliwa kampuni, ndipo iende kwenye intaneti. Uko Bangkok, benki inakuona Ulaya, na ping imepanda mara tano. Kwa siku ya kwanza na ramani za teksi zinafaa sana. Kwa kazi, nunua laini ya kampuni ya hapohapo. Hakikisha bando linaruhusu hotspoti, maana yale ya "bila kikomo" mara nyingi yana kikomo hapo. Mkutano wa video wa kundi hula kati ya jigabaiti moja na mbili na nusu kwa saa, basi bando la jigabaiti kumi ni la siku chache. Kabla ya kuwasha hotspoti, iambie kompyuta kwamba mtandao huo ni wa kupimwa (metered), la sivyo itaona fursa nzuri ya kushusha masasisho. Na unganisha simu kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi. Mawimbi hayapotei na simu inachaji.

Umeme ukikatika

Umeme wa mtaa ukizima, faiba mara nyingi haizimi, kwa kuwa kituo chake kina betri au jenereta. Kinachozima ni vifaa vyako viwili, ruta na kile kisanduku kidogo cha faiba kilichobandikwa ukutani. Watu huiwekea ruta betri wakakisahau kisanduku, kisha wanashangaa taa zinawaka na intaneti haipo. Soma nyuma ya kila kimoja. Vingi hutaka volti 12, kati ya ampea 0.5 na 2, ingawa kiuhalisia vyote viwili pamoja hula kama wati 12 hadi 15.

Pawabenki ya mAh 20,000 ina saa-wati 74, kwa hesabu ya kuzidisha na volti 3.7 na kugawanya kwa elfu. Toa hasara ya kubadilisha volti, zinabaki kama 60, yaani saa nne au tano za mtandao. Unachohitaji ni waya unaopandisha volti kutoka USB hadi 12, wenye ncha inayoingia kwenye ruta. Ncha za milimita 5.5 kwa 2.1 na 5.5 kwa 2.5 zinafanana kwa macho, lakini moja hulegea na mtandao hukatika ukigusa meza. Ndani ya ndege pawabenki hukaa kwenye begi la mkononi tu. Hadi saa-wati 100 kwa kawaida hupita bila ruhusa maalumu, na zaidi ya hapo hadi 160 zinahitaji ruhusa ya shirika. Ndiyo maana zinauzwa nyingi za mAh 27,000 hivi, zinazoishia chini kidogo ya mia.

Volti za ukutani zisikusumbue kwa laptopu wala simu. Chaja zake zimeandikwa 100–240 V, na adapta ya umbo la plagi inatosha. Pasi, kikausha nywele na birika ni habari nyingine. Adapta haibadilishi volti, na kifaa cha volti 230 kwenye ukuta wa Japani wa volti 100 kitapashwa vuguvugu tu. Ukikigeuza, cha volti 100 kwenye ukuta wa 230 kitatoa moshi.

Saa, na mtego wa wiki tatu

Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi. Umoja wa Ulaya husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi. Kuzirudisha, Ulaya hutangulia, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na Marekani hufuata Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hiyo aliyeko Lisbon anayefanya kazi na timu ya New York huwa mbele yao kwa saa tano, isipokuwa wiki mbili au tatu za Machi na wiki moja ya vuli, ambapo tofauti ni saa nne. Mkutano wa kila Jumanne wa saa 15:00 unageuka kuwa wa 14:00, nawe unaingia wakati wenzako wanaagana. Kwenye kalenda usichague "GMT+1" wala namba nyingine. Chagua jina la mji wa mwenye mkutano, kalenda itajua yenyewe.

Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tuna mtego wetu wa ziada. Ukiahidi "saa tisa" kwa mtu anayetafsiri neno kwa neno, mmoja wenu atamtangulia mwenzake kwa muda wa saa sita. Katika maandishi ya kazi andika 15:00 na jina la mji, basi.

Kuchagua mji kwa picha za ufukwe kabla ya kupiga hesabu ya saa ni kosa la gharama. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa nne usiku Tokyo wakati wa kiangazi na saa tano usiku wakati wa baridi. Kwa kazi yenye mikutano ya kila siku, tofauti ya saa sita naiona kuwa mwisho wa kuvumilika. Kwa kazi ya kukabidhi na kulipwa, nenda popote.

Siku zinazohesabiwa

Viza za wafanyakazi wa mbali zimeongezeka tangu 2020, zilipotangulia Barbados na Estonia. Ureno ilifungua yake Oktoba 2022 kwa sharti la kipato cha mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa huko, na Hispania ikafuata 2023 kwa mara mbili ya kima chake. Thailand, tangu Julai 2024, hutoa ya miaka mitano yenye siku 180 kila unapoingia, ukionyesha akiba ya baht 500,000. Japani hutoa miezi sita isiyoongezwa kwa mwenye kipato cha yen milioni 10 kwa mwaka, na kwa raia wa nchi zilizo kwenye orodha yake tu. Soma maandishi madogo. Ile ya Japani haiji na kadi ya ukaazi, na bila kadi hiyo kufungua akaunti ya benki au kupanga nyumba kwa mkataba wa kawaida ni kugonga mwamba.

Karatasi zinazochelewesha ni zilezile: mkataba wa kazi unaosema wazi kwamba unaruhusiwa kufanya kazi ukiwa nje, taarifa za benki za miezi kadhaa, bima, na cheti cha polisi. Cheti cha polisi huisha muda upesi, hivyo kiombe mwishoni. Nyaraka zikitakiwa na muhuri wa apostille, ule wa kuzithibitisha zitumike nchi nyingine, angalia kama nchi iliyozitoa na inayozipokea zote zimo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961. Moja ikikosekana, njia inapitia ubalozini na wiki zinaongezeka.

Wanaozunguka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao, kwa viza ya kutembea hukosea hesabu ya siku 90 ndani ya 180 kwa sababu wanaichukulia kama nusu mwaka inayoanza na kuisha. Ni dirisha linalotembea. Kila siku unayokuwepo, hesabu siku 180 kurudi nyuma, na ndani yake usizidi 90. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Chukua aliyekaa tarehe 1 Machi hadi 29 Aprili, siku 60. Akirudi tarehe 1 Juni, ana siku 30 tu, hadi 30 Juni, kwani siku zake za Machi bado zimo dirishani. Akisubiri hadi 1 Agosti, ana 90 kamili, hadi 29 Oktoba. Kuanzia 28 Agosti siku za Machi huanza kudondoka moja moja, kwa kasi ileile anayoongeza mpya. Miezi miwili ya kusubiri imemzalia siku 60. Ila kama umeingia kwa viza ya kubandikwa, idadi ya siku iliyoandikwa kwenye viza ndiyo mwisho wako, hata hesabu ikikupa zaidi. Tangu 12 Oktoba 2025 mipaka hiyo imeanza kusajili uso na alama za vidole badala ya kugonga muhuri, kwa hiyo siku zinajumlishwa na mashine isiyosahau.

Ruhusa ya kukaa si ruhusa ya kufanya kazi. Uingereza, kwa mfano, iliandika wazi kwenye kanuni zake tangu 31 Januari 2024 kwamba mgeni anaweza kufanya kazi yake ya mbali mradi hiyo isiwe sababu kuu ya safari. Nchi nyingi hazijaandika lolote, na ukimya huo usiuchukulie kama ndiyo.

Kodi ya mapato ina kalenda yake. Nchi nyingi hutumia siku 183, lakini namna ya kuzihesabu hutofautiana. Marekani hujumlisha siku zote za mwaka huu, theluthi ya za mwaka jana na sehemu moja ya sita ya za mwaka juzi. Anayekaa siku 122 kila mwaka kwa miaka mitatu hufika 183 barabara, akidhani yuko mbali nazo. Kuondoka nyumbani nako hakukufuti kwenye daftari la kodi la nyumbani. Mwajiri pia ana hofu yake. Kuwepo kwako nchi fulani kunaweza kumfanya ahesabiwe kuwa na ofisi huko na kudaiwa kodi. Pata ruhusa ya maandishi yenye jina la nchi na tarehe. "Bosi anajua" haisaidii siku bosi anapohama.

Pesa na pikipiki

Kadi mbili, za benki mbili, moja Visa na nyingine Mastercard, mifuko miwili tofauti. Tazama tarehe ya kuisha ya kila moja, maana mpya hutumwa kwenye anwani ya nyumbani ambako hupo. Mashine ikikuuliza kama unataka kutozwa kwa sarafu ya nyumbani, kataa na uchague sarafu ya hapo. Ukikubali, anayepanga kiwango cha kubadilisha ni mwenye mashine, naye hajipunji.

Bima ya safari hulipia dharura. Dawa za ugonjwa uliokuwa nao tangu zamani kwa kawaida haigusi. Kifungu kinachowaumiza wengi ni cha pikipiki. Leseni yako ikiwa ya gari tu, ajali ukiwa juu ya skuta ya kukodi kwa kawaida hailipwi, hata kama aliyekukodisha hakuuliza leseni. Kibali cha kimataifa cha kuendesha nacho lazima kiwe na daraja la pikipiki na kiwe cha mkataba unaotambuliwa na nchi uliyopo. Japani hukubali kile cha mkataba wa Geneva wa 1949 tu.

Usiku wa kwanza

Usilipe mwezi mzima kabla ya kulala humo. Lipia siku nne hadi saba, kisha amua. Ukishusha begi, pima intaneti mezani pale utakapokaa, si karibu na ruta. Rudia saa mbili usiku pamoja na lile jaribio la kupakia faili. Kalia kiti dakika ishirini ukiandika. Meza ya kawaida ni sentimita 70 hadi 75 na ni juu mno kwa mtu mfupi kwenye kiti cha kulia chakula, kwa hiyo mabega yatapanda yenyewe. Kibodi ya nje na laptopu juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa skrini ufikie macho vinatibu nusu ya tatizo. Kiti kibovu hakitibiki kwa mto. Chomeka chaja kwenye kila soketi, kwa kuwa zilizolegea hutoa cheche na kukata umeme kila ukisogea. Zima swichi kuu sekunde kumi uone kama betri inashika ruta na kisanduku vyote viwili.

Ukikuta kasoro, mwandikie mwenye nyumba usiku huohuo ndani ya mfumo uliotumia kukodi, si WhatsApp, ukiambatanisha picha za skrini zenye saa na tarehe. Airbnb hutaka tatizo liripotiwe ndani ya saa 72 tangu uligundue, na mifumo mingine ina muda mfupi zaidi. Anayevumilia wiki nzima akitumaini mtandao utatengemaa huwa ameshapoteza haki ya kurudishiwa pesa, na vyumba vizuri vya jirani vimeshachukuliwa.